Rangi Ikiwa Mbichi

Kuna udhuru mmoja ambao hata mama mkali kabisa wa Ngaremara huukubali: rangi ya kucha haijakauka. Msichana akisema amechoka, ataambiwa uchovu ni wa wazee. Akisema anasoma, ataambiwa kitabu hakitoroki, mbuzi ndio hutoroka. Lakini akinyoosha vidole vyake vyote mbele, vimetoka kupakwa na bado vinameremeta, mama humtazama, hushusha pumzi, kisha humtuma mwingine. Nimelitazama jambo hili kwa miaka mingi. Kila likizo nikikaa na wasichana wa kwetu tukipakana rangi, nazidi kuamini kwamba katika zile dakika za kungoja mna kitu ambacho watu hawakihesabu wanapouita mchezo huu upuuzi wa wasichana.

Sisi tuko kaskazini mwa mji wa Isiolo, kandokando ya barabara kuu inayokwenda Archer's Post na Marsabit hadi Moyale. Wengi wetu huku Ngaremara ni Waturkana, na majirani zetu katika kaunti hii ni Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru. Jua letu ni kali na vumbi letu halina msimu. Mkono wa msichana huku una wenyewe wengi. Asubuhi ni wa mtungi wa maji, kisha ni wa mbuzi wa kukamwa, kisha wa kuni, kisha wa mtoto mdogo wa kubebwa, na jioni ni wa sufuria. Hata anapoketi, mara nyingi anashona shanga zitakazouzwa. Ni nadra sana mkono huo kuwa wa mwenyewe.

Ndiyo maana huniumiza ninaposikia ikisemwa kwamba rangi ya kucha ni ya wanawake wasio na kazi. Anayesema hivyo hajawaangalia nyanya zetu. Wanawake wa Kiturkana wamevaa shanga kuanzia mabegani hadi kidevuni, safu juu ya safu, na wamebeba kuni nazo, wamejenga nyumba nazo, wamezaa na kulea nazo. Hawakusubiri kazi iishe ndipo wajipambe, kwa kuwa walijua kazi haiishi. Msichana anayepaka kucha zake rangi nyekundu na njano kisha akaenda kisimani hajaiga mtu wa mbali. Amefanya kwenye vidole kile ambacho bibi yake alifanya shingoni.

Lakini mkono wa kazi una mtindo wake, na hapo ndipo mafunzo yangu yote huanzia. Ukucha uwe mfupi. Usipite ncha ya kidole, na umbo lake liwe la mraba lenye pembe zilizolainishwa, maana pembe kali hukwama kwenye kamba ya mtungi na ukucha uliochongoka huvunjika upesi. Najua picha zinazopita kwenye simu zina kucha ndefu za akriliki na jeli, na sizilaumu. Historia yake hata inanivutia: inasimuliwa kwamba daktari wa meno wa Marekani, Fred Slack, alivunjika ukucha katika miaka ya 1950 akautengeneza upya kwa vifaa vyake vya kazi. Ila kucha hizo zinahitaji mtu aliyefunzwa. Zile kemikali zikigusa ngozi kabla ya kukauka vizuri, zinaweza kuleta mzio usioisha maisha yote. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009 kuhusu usafi wa mikono, linawataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, kwa sababu vijidudu hujificha humo. Kwa anayeanza nyumbani, ukucha wake mwenyewe unamtosha.

Kazi ya kwanza ni kuuandaa, na wengi huiruka. Ondoa rangi ya zamani kwa pamba na dawa yake, mbali na jiko. Nalisisitiza hili kila mara, kwa maana dawa hiyo na rangi yenyewe hushika moto upesi, na kwetu moto wa mafiga hauko mbali na mahali pa kukaa. Kisha lainisha ncha kwa tupa ya kucha, ukielekea upande mmoja tu. Ukienda mbele na kurudi, tabaka za ukucha hufumuka na baadaye humeguka. Kile kingozi chembamba kilicho shinani mwa ukucha usikikate. Kisukume nyuma polepole kwa kitambaa baada ya kuoga. Kipo kwa sababu: kinaziba mlango ambao uchafu na vijidudu vingepitia kuingia mahali ukucha unapozaliwa. Wasichana wengi huniambia kinaharibu urembo. Nami huwajibu kwamba si kila kitu kinachoonekana cha ziada mwilini, au nyumbani, ni cha kukatwa.

Usiloweke mikono kwenye maji kabla ya kupaka. Ukucha hunywa maji ukapanuka, na ukikauka husinyaa, nayo rangi iliyo juu yake hupasuka. Futa tu mafuta kwa pamba yenye dawa kidogo, acha ukauke, kisha weka mpako wa kwanza usio na rangi. Huo ndio unaozuia nyekundu na bluu kuacha madoa kwenye ukucha.

Halafu rangi yenyewe. Chupa usiitikise, iviringishe katikati ya viganja, vinginevyo utaingiza hewa na kupata mapovu. Brashi ipite mara tatu: katikati kwanza, kisha kushoto, kisha kulia, ukiacha nafasi nyembamba ya unywele pande zote ili rangi isiguse ngozi. Ikigusa ngozi, itaanza kubanduka hapo hapo. Mwisho pitisha brashi kwenye ncha yenyewe ya ukucha. Ncha ndiyo inayogonga sufuria na mawe, kwa hiyo ndiyo inayohitaji kufunikwa zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalirudia hadi wasichana wanalisema kabla yangu: mpako mwembamba. Cutex, kama wengi wetu tunavyoiita hata ikiwa ya kampuni nyingine, imetengenezwa kwa nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka upesi. Haikauki kwa kugandishwa na kitu chochote. Hukauka kwa kile kimiminika kutoka na kwenda zake. Ukipaka nene, uso wa juu hujifunga kwanza na kukifungia kimiminika ndani. Kwa macho unaona umemaliza, kumbe chini bado ni mbichi, na usiku shuka litaacha alama zake juu ya kila ukucha. Ukipaka nyembamba mara mbili au tatu, ukingoja kila safu, unapata rangi ileile, ngumu, inayodumu. Aliyewahi kukandika nyumba kwa udongo anaelewa bila kufundishwa: safu nene ya siku moja hupasuka, safu nyembamba zilizopewa muda hushikana.

Nimeona jambo hili likienda mbali zaidi ya kucha. Msichana mmoja wa jirani, aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, alikuwa anataka kufidia mihula yote aliyoikosa kwa likizo moja. Alikuwa akisoma usiku kucha kwa taa ya sola na asubuhi hakumbuki kitu. Sikumpa hotuba. Tulikuwa tunapakana rangi, naye akataka kuongeza mpako wa pili kabla ya wa kwanza kushika. Nikamshika mkono nikamwambia, "Subiri huu ukubali kwanza." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nazungumzia kucha au nazungumzia hesabu. Nikamwambia vyote viwili. Alipanga upya, somo moja kwa jioni moja. Bado yuko shuleni.

Joto la Isiolo lina sheria zake. Mchana rangi hukauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye ukucha, hujikunja, na upepo huibandika vumbi. Kwa hiyo tunapaka asubuhi na mapema au jua likishaelekea kutua, ndani ya nyumba au nyuma ya ukuta unaokinga upepo. Chupa huwekwa kivulini karibu na chungu cha maji, wala si dirishani. Rangi ikiwa nzito, usiongeze dawa ya kutolea rangi, maana huivunja rangi yenyewe ikakosa mng'aro. Nunua ile inayouzwa kwa ajili ya kuilainisha, matone mawili yanatosha.

Mapambo ndiyo furaha yenyewe, na hayahitaji vifaa vya saluni. Huku tuna miba ya migunga ya kila ukubwa, myeupe, iliyonyooka, na sijapata kifaa bora zaidi cha kuchorea mistari myembamba. Kwa nukta, tumia kichwa cha pini, kijiti cha kiberiti, au kalamu iliyokwisha wino. Mimina tone moja la rangi kwenye kifuniko cha plastiki, chovya, gusa ukucha mara moja, inua wima. Kila mguso mmoja ni nukta moja. Ukirudi kuchovya, nukta inayofuata itakuwa kubwa, na usiporudi zitaendelea kupungua. Basi unaweza kupata mstari wa nukta zinazokwenda zikifa kwa kuchovya mara moja tu. Nukta tano kuzunguka moja ni ua. Nukta za rangi mbili zikiwekwa zingali mbichi na mwiba ukapitishwa katikati, hugeuka mioyo.

Kwa mistari mipana, selotepu inafaa. Ibandike kwanza nyuma ya kiganja ili ipunguze ukali wa gundi, kisha iweke kwenye ukucha uliokauka kabisa, paka, na uiondoe rangi ikiwa bado haijashika. Hapo ndipo wasichana wangu walipoanza kitu ambacho kinanipa fahari kila nikikiona. Walichukua safu za shanga za nyanya zao, nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi, wakazihamishia kwenye kucha, mstari juu ya mstari, kwa mpangilio uleule. Mmoja alimwita nyanya yake aje aseme kama amekosea. Nyanya akauinamia ule mkono kwa muda, akaomba nyeusi isogee chini ya nyeupe. Siku hiyo tulijifunza mengi kuhusu nani huvaa nini na lini, mambo ambayo nisingeyapata kwa kuuliza moja kwa moja.

Sponji nayo hutoa rangi zinazoyeyukiana: kipande kidogo kilichokatwa, rangi mbili ubavu kwa ubavu, kisha kugonga taratibu. Kuna pia mtindo wa kudondosha rangi kwenye bakuli la maji na kuzamisha kidole upate michirizi. Ni mzuri, lakini siufundishi. Maji hayo hayanyweki tena wala hayafai kunywesha mbuzi, na mahali ambapo mtu ameyabeba mgongoni, urembo wa namna hiyo hauna adabu.

Sijasema bado juu ya mkono wa pili. Anayetumia mkono wa kulia atapaka wa kushoto vizuri, kisha atafika kwenye wa kulia na kukwama. Kuna ujanja: egemeza mkono mezani, zungusha kidole badala ya brashi. Mimi huwafundisha ujanja huo, lakini nawashauri zaidi waombe mtu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nao walijua kwamba chawa huvunjwa kati ya kucha mbili. Kumpa mtu mkono wako auinamie, autulize juu ya goti lake, apumue karibu na vidole vyako, ni kumwamini. Na mtu aliyeshikwa mkono, asiyeweza kuondoka, asiyetazamwa usoni, husema mambo. Nimeambiwa juu ya ndoa iliyokuwa ikipangwa kimya kimya. Nimeambiwa juu ya mjomba ambaye msichana hataki kuachwa naye nyumbani. Hilo la mwisho halikubaki kati yetu. Tulilipeleka kwa chifu na kituoni. Naamini lisingesemwa kamwe kama ningemkalisha kitini nikamwambia, haya, nieleze. Lilisemwa kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kidole chake kidogo na mikono yake miwili haikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Ukucha wenyewe pia hutunza habari. Hukua takriban milimita 3 kwa mwezi mikononi, na miguuni polepole zaidi, kwa hiyo ukucha wa mkono hubadilika wote kwa miezi sita hivi, na wa kidole gumba cha mguu unaweza kuchukua mwaka na zaidi. Mwaka 1846 daktari Mfaransa aliyeitwa Joseph Beau alieleza mifereji inayokatiza kucha za watu waliopitia ugonjwa mzito: mwili ulipozidiwa, ukucha ulisimama kukua, na alama ikabaki. Shangazi yangu alipopona malaria kali, alinionyesha mfereji huo kwenye kucha zote, umbali uleule kutoka shinani. Aliomba niufunike kwa rangi. Nilimpaka, lakini kwanza nilimwonyesha kwamba chini ya ule mfereji ukucha mpya ulikuwa umetoka laini. Kila nilipomtolea rangi ili nimpake upya, tuliangalia umefika wapi. Ulipofika ncha, aliukata mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo nawaambia wanawake: ukienda kujifungua au kufanyiwa upasuaji, toa rangi. Muuguzi huubonyeza ukucha aone damu inarudi haraka kiasi gani, hutazama kama umepauka, na kile kibano cha kupimia oksijeni kinaweza kudanganywa na rangi nzito. Rangi ni yako, lakini kuna siku ukucha unahitajika kusema.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa kando ya barabara. Wasichana waliendelea kupakana rangi, kwa chupa zilizobaki, na mzee mmoja akaniuliza kama hatuoni haya. Nilimheshimu na bado namheshimu. Nilimjibu kwamba siku nzima mikono hii imekuwa ikiinua ng'ombe walioshindwa kusimama, na kwamba mimi ndiye niliyeiomba ipumzike kidogo. Hakusema zaidi. Siwezi kudai alikubali, lakini mimi sijabadilisha mawazo. Mtu aliyepoteza mengi haachi kuwa na mwili unaotaka kutunzwa.

Majirani zetu Waislamu wana njia yao, nayo ni ya kale kuliko chupa zote. Kwa kuwa maji ya udhu yanapaswa kuufikia ukucha, wengi wao hupendelea hina, ambayo haiufuniki bali huingia ndani yake. Unga wa majani huchanganywa na maji, huwekwa kwenye kucha na kuachwa kwa saa kadhaa. Ukiutoa utaona rangi ya chungwa, na kwa siku mbili zinazofuata itazidi kukolea hadi wekundu wa kahawia. Haitoki kwa dawa yoyote. Itaondoka ukucha ukikua. Anayeanza ajihadhari tu na ile dawa nyeusi ya nywele inayochanganywa ili hina ikolee upesi, maana imewaunguza wengi ngozi. Wasichana wetu wa Kiturkana wana rafiki zao Waborana na Wasomali shuleni, na nimewaona wakibadilishana: huyu anachorewa hina, yule anafundishwa kushika mwiba. Katika kaunti ambayo jamii zake zimewahi kupigana kwa ajili ya malisho na mifugo, sioni kwamba ni jambo dogo binti kumpa mwenziwe wa jamii nyingine mkono wake kwa saa nzima.

Shule zikikaribia kufunguliwa rangi hutolewa, kwa kuwa shule nyingi haziiruhusu. Rangi yenye vimetameta ndiyo hukataa kutoka. Funika kila ukucha kwa pamba iliyoloweshwa dawa, izungushie karatasi ya foili, ngoja dakika kumi, kisha vuta. Usikwangue, maana utatoka na tabaka la ukucha wenyewe. Paka mafuta baadaye, kwa kuwa dawa hukausha.

Wanaobaki sasa ni akina mama. Huja, husimama mlangoni, huangalia mabinti zao, na ukiwakaribisha huficha mikono ndani ya leso. Husema kucha zao zimeharibika kwa makaa na sabuni. Kwao nimetengeneza utaratibu mwingine, na ningependa kila msichana anayesoma haya aujaribu kwa mama yake kabla hajajaribu mtindo wowote mgumu. Wiki ya kwanza usipake rangi. Kila usiku msugulie mafuta shinani mwa kucha, ya nazi au yoyote yaliyopo, na ncha uzilainishe kwa tupa. Wiki ya pili weka mpako mmoja usio na rangi, unaojaza mikwaruzo. Akishauzoea, mletee chupa tatu achague mwenyewe. Rangi nzito, ya zambarau iliyokolea au kahawia, hukaa vizuri kwenye ukucha mfupi na haionyeshi haraka palipobanduka. Nukta moja nyeupe kwenye kidole cha pete inatosha kwa mara ya kwanza. Anza na mkono anaoutumia zaidi, maana huo ndio atakaoutazama akiwa kazini kesho yake.